Siku nne mbugani kwa miguu na baiskeli: Mwongozo wa msafiri kutoka Roret

MKAZI wa Roret akitangaza kwamba anakwenda kutazama wanyama wa pori, wengi humdhania anaelekea Maasai Mara. Dhana hiyo ina msingi. Kaunti ya Bomet inapakana na Narok, na maji ya Mto Mara huanzia katika Msitu wa Mau unaozilisha mvua nyanda za majani chai. Hata hivyo, Mara ni hifadhi ya kitaifa iliyo chini ya Serikali ya Kaunti ya Narok, na mgeni huizuru akiwa ndani ya gari. Anayetaka kutumia miguu yake mwenyewe, kupanda mlima na kuendesha baiskeli kando ya pundamilia hana budi kutazama upande mwingine.

Upande huo ni mashariki, chini katika Bonde la Ufa, mahali zilipo mbuga mbili za kitaifa za Mlima Longonot na Hell's Gate. Zote mbili zinasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), ziko karibu na mji wa Naivasha, na ni miongoni mwa mbuga chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kutembea bila gari. Kutoka Roret, siku nne zinatosha kuzizuru zote mbili na kurejea nyumbani bila kukimbizana na saa.

Zinatosha kwa mbuga mbili tu, wala si nne au tano. Makundi mengi ya vijana, ya kanisa na ya wanafunzi wa zamani hupanga kupitia Nakuru, Naivasha na hata Nairobi katika safari moja, kisha hujikuta yakitumia mchana kutwa barabarani na kufika langoni jua linapotua. Mchovu anayepanda mlima jioni, au anayeingia kwenye korongo mawingu yakiwa yametanda kwa sababu ratiba inamsukuma, huwa amejiweka hatarini. Hapa haraka inaweza kumnyima mtu uhai.

Wakati unaofaa

Mpango wa safari huanza na kalenda. Katika nyanda za Kericho na Bomet mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na nyingi huanguka alasiri pamoja na ngurumo. Naivasha ni tofauti. Mji huo umezungukwa na milima inayoukinga na mvua, hivyo hupata kiasi kidogo mno kikilinganishwa na kile cha Kericho. Msimu wa mvua ndefu ni kati ya Machi na Mei, na ule wa mvua fupi ni Oktoba hadi Desemba.

Miezi inayofaa zaidi ni Januari na Februari. Wakati huo njia za Longonot huwa kavu na mifereji ya Hell's Gate haina maji. Kwa bahati njema, miezi hiyo ya kiangazi ndiyo ambayo majani chai hupungua mashambani, na mkulima mdogo anaweza kuwaachia wenziwe kazi kwa siku chache bila hasara kubwa. Nafasi ya pili ni kati ya Juni na Septemba, ingawa asubuhi za Julai huwa na baridi kali na ukungu.

Wapo wanaopendelea Oktoba kwa kuwa ndipo wakulima wengi wa viwanda vinavyosimamiwa na KTDA hupokea malipo ya pili ya mwaka, maarufu kama bonasi. Fedha huwepo, lakini mvua fupi nazo huwa zimekaribia au zimeanza. Ni busara kuzitenga fedha hizo Oktoba na kusafiri Januari. Likizo za shule za Agosti na Desemba huwafaa wenye watoto, ila malango huwa na watu wengi na nyumba za kulala wageni hujaa mapema.

Maandalizi ya mwili

Watu wa Roret wamezoea miinuko. Anayebeba kapu la majani chai hadi kituo cha kununulia ana mapafu na miguu ambayo mkazi wa mjini anaweza kuitamani. Tofauti ni kwamba Longonot huhitaji mwendo wa saa nyingi mfululizo, juani, juu ya vumbi linaloteleza. Wiki tatu kabla ya safari, msafiri atembee umbali wa kilomita 8 hadi 10 mara mbili kwa wiki, akiwa amevaa viatu vilevile atakavyovitumia mlimani. Viatu vipya vilivyonunuliwa mkesha wa safari ndivyo hutoa malengelenge na kumrudisha mtu nyumbani akichechemea.

Anayeugua pumu, shinikizo la damu, kisukari au maradhi ya moyo amwone daktari kwanza, na abebe dawa zake katika mfuko asioachana nao.

Malipo na stakabadhi

Malango ya KWS hayapokei fedha taslimu. Malipo hufanywa kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen, na raia hutakiwa kuonyesha kitambulisho cha taifa ili atozwe ada ya mwananchi. Anayesahau kitambulisho huenda akakosa nafuu hiyo. Ada hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo kiongozi wa kundi azitazame katika mfumo huo wiki moja kabla ya kuondoka badala ya kutegemea aliyoyasikia kwa waliotangulia. Ni vyema kulipia kabla ya kuondoka mjini, na risiti ihifadhiwe kwenye simu mbili tofauti.

Bajeti igawanywe katika mafungu sita: nauli, ada za kuingia, kukodi baiskeli, malipo ya mwelekezi, malazi na chakula. Kisha liongezwe fungu la saba, la akiba, lisilopungua sehemu moja kwa tano ya jumla yote. Akiba hiyo si ya vinywaji. Ni ya kulala usiku mmoja zaidi iwapo barabara itafungwa au mwenzao ataumia.

Siku ya kwanza: Roret hadi Naivasha

Safari ianze alfajiri. Kutoka Roret msafiri hupanda matatu hadi Litein, kisha huelekea Kericho. Kutoka Kericho hadi Nakuru ni kilomita zipatazo 105, na kutoka Nakuru hadi Naivasha ni takriban kilomita 70. Kwa hesabu ya karatasi, safari hiyo humalizika kabla ya saa nane mchana. Kwa hali halisi, malori ya mizigo na kusubiri matatu zijae huongeza saa mbili.

Barabara hii inastahili heshima. Katika makutano ya Londiani, lori lililopoteza mwelekeo jioni ya Juni 30, 2023 liliwagonga wachuuzi na abiria kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 wakafariki. Mbele yake, mteremko wa Salgaa na Sachangwan umejulikana kwa miaka mingi kwa ajali za malori. Kanuni ni kwamba kundi lisisafiri usiku kati ya Kericho na Nakuru, wala kushukia abiria au kununua viazi mahali magari yanaposhuka kwa kasi. Kundi lenye gari la kukodi limwambie dereva waziwazi kwamba hakuna atakayemlaumu kwa kuchelewa.

Malazi yako ya aina mbili. Mjini Naivasha zipo nyumba nyingi za kulala wageni za bei nafuu, karibu na kituo cha magari. Wanaopenda hema wanaweza kupiga kambi kando ya barabara ya Moi South Lake inayozunguka ziwa upande wa kusini, au ndani ya Hell's Gate kwenyewe, katika nyanja za Naiburta, Ol Dubai na Endachata.

Anayelala karibu na ziwa akumbuke mambo mawili. Maji ya Ziwa Naivasha yamepanda sana tangu mwaka wa 2020 na kumeza baadhi ya maeneo ya ufuoni, hivyo mahali palipotajwa katika vitabu vya zamani huenda hapapo tena. Pili, viboko hutoka majini usiku kula nyasi. Giza likiingia, hakuna kutembea ufuoni, hata kwa tochi.

Siku ya pili: Mlima Longonot

Mlima uje kwanza, wakati miguu ina nguvu. Longonot ni volkano iliyolala, na kilele chake kina urefu wa mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Eneo lake, la kilomita 52 za mraba, lilitangazwa mbuga ya kitaifa mwaka wa 1983. Jina lenyewe limetokana na neno la Kimaasai linaloashiria wingi wa matuta na miinuko.

Kutoka Naivasha, matatu za barabara ya Maai Mahiu humshusha msafiri katika kituo cha biashara cha Longonot, na bodaboda humfikisha langoni. Afike hapo karibu saa kumi na mbili asubuhi, lango linapofunguliwa. Langoni ni mita 2,150 hivi juu ya usawa wa bahari, yaani kimo kisicho mbali na kile cha Kericho, kwa hiyo mkazi wa nyanda za chai hasumbuliwi na upungufu wa hewa.

Njia ina sehemu mbili. Ya kwanza, ya kilomita 3.1, hupanda kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko, yaani shimo kubwa la volkano. Mwenye afya huimaliza kwa saa moja au saa moja na nusu. Ya pili huzunguka ukingo huo wote kwa kilomita 7.2, ikipitia kileleni. Ukijumlisha na kurudi, mwendo wote ni zaidi ya kilomita 13, na huchukua kati ya saa nne na sita.

Anayesimama ukingoni huona msitu mzito ukiwa umejaa ndani ya shimo, kama sufuria iliyopandwa miti, na upande wa pili Ziwa Naivasha na kuta za Bonde la Ufa. Hapa ndipo kundi lifanye uamuzi. Sehemu ya kuzunguka ina mapito membamba, mifereji iliyochimbwa na mvua, na miinuko mikali karibu na kilele ambako mtu hulazimika kutumia mikono. Ikiwa mmoja amechoka, maji yamepungua kuliko nusu au mawingu meusi yameanza kukusanyika, kundi zima lirudi. Aliyefika ukingoni amekwisha kuupanda mlima, na hakuna aibu kuishia hapo.

Juu hakuna maji wala duka. Kila mtu abebe lita tatu, kofia, mafuta ya kujikinga na jua, na chakula kisichoharibika kama vile ndizi, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu na njugu. Mursik ni chakula chema nyumbani, lakini kibuyu chake hakivumilii jua na mtikisiko wa mlimani. Kiachwe kwa chakula cha jioni.

Moto haukubaliki kabisa. Mwaka wa 2009 moto uliunguza sehemu kubwa ya mbuga hii, na nyasi za kiangazi huhitaji kibiriti kimoja tu kurudia maafa hayo.

Alasiri iwe ya mapumziko. Msafiri ashuke kabla ya saa nane, ale, anyooshe miguu na alale mapema.

Siku ya tatu: Hell's Gate

Mbuga ya Hell's Gate ilitangazwa mwaka wa 1984, na ina ukubwa wa kilomita 68 za mraba. Lango kuu, la Elsa, lilipewa jina la simba jike aliyelelewa na Joy Adamson, ambaye makazi yake yalikuwa kando ya Ziwa Naivasha. Kutoka mjini, matatu zinazopita Moi South Lake humfikisha msafiri kwenye njia panda, umbali wa kilomita zipatazo 18. Hapo ndipo zilipo baiskeli za kukodi, na kutoka hapo hadi langoni ni mwendo mfupi.

Asiikubali baiskeli kabla ya kuikagua. Breki zote mbili zishike, minyororo isiwe imelegea, magurudumu yawe na hewa ya kutosha, na kiti kishushwe au kipandishwe kulingana na kimo chake. Aijaribu kwa mita mia moja mbele ya mwenyewe, na wakubaliane kuhusu bei, saa ya kurudisha na nani atalipia tyubu ikitoboka. Kofia ngumu, ikipatikana, ivaliwe.

Kutoka Lango la Elsa, barabara ya vumbi hupita katikati ya magenge mekundu kwa kilomita kati ya 7 na 8 hadi kituo cha walinzi kilicho karibu na korongo. Mnara wa mwamba uitwao Fischer's Tower, wenye urefu wa mita 25, husimama karibu na lango. Umepewa jina la mvumbuzi Mjerumani Gustav Fischer, aliyefika sehemu hizo mwaka wa 1883. Wenye ujuzi huupanda kwa kamba wakiwa na waelekezi, na pimbi wakaao penye mawe hukimbia huku na huko chini yake.

Wanyama huonekana pande zote mbili za barabara: pundamilia, twiga, ngiri, swala, kongoni na pofu. Chui wapo, ila huonekana kwa nadra. Katika magenge hutaga tumbusi, ambao nchini wamepungua sana kutokana na sumu inayotegwa kwenye mizoga. Mwendesha baiskeli asitoke barabarani wala kuwakaribia wanyama ili apige picha. Mnyama wa kuogopwa zaidi hapa ni nyati, hasa dume aliye peke yake. Akionekana karibu na barabara, kundi lisimame mbali, lishuke kwenye baiskeli, lisubiri au lirudi nyuma polepole. Nyani nao wajua kufungua mifuko. Chakula kifichwe, na wasilishwe kamwe.

Upande wa Olkaria, mvuke mweupe hupanda angani kutoka ardhini. Kituo cha kwanza cha umeme cha Olkaria kilianza kazi mwaka wa 1981, miaka mitatu kabla ya mbuga kutangazwa, na leo mabomba ya mvuke ya kampuni ya KenGen hupita kando ya njia za wanyama. Huko lipo pia bwawa la kuogelea linalotumia maji moto ya chini ya ardhi, mahali pazuri pa kupumzisha misuli iliyochoshwa na Longonot.

Hatari ya korongo

Sehemu inayowavutia wengi ni Korongo la Ol Njorowa, ufa mwembamba uliochongwa na maji kwenye mawe laini ya volkano. Kuta zake hukaribiana kiasi kwamba katika sehemu fulani mtu aweza kuzigusa zote mbili. Chini yake zipo chemchemi za maji moto. Uzuri huo ndio mtego wenyewe.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Ndani ya Ol Njorowa methali hiyo haitoshi, kwa sababu anayetembea chini huona kipande kidogo tu cha anga. Mvua yaweza kunyesha umbali wa kilomita kadhaa, juu kwenye miinuko, huku jua likiwaka korongoni. Maji hukusanyika kutoka eneo pana, huteremka kwenye mifereji mikavu na kuingia katika ufa huo mwembamba yakiwa ukuta mmoja. Aliye ndani hupata dakika chache tu, na kuta laini zilizosimama wima hazina mahali pa kushika.

Mnamo Aprili 2012, vijana saba wa kundi moja la kanisa walikufa maji katika korongo hilo. Septemba 1, 2019, mafuriko ya ghafla yaliwaua tena watu wasiopungua sita, akiwemo mwelekezi aliyeyafahamu mazingira hayo. Baada ya mkasa huo wa pili, KWS ilifunga korongo.

Mkazi wa Roret ana sababu ya ziada ya kuwa mwangalifu. Kwao mvua ni neema ya kila siku. Hunyesha alasiri, hupita, na kazi huendelea. Ardhi ya majani chai huinywa. Ardhi ya Hell's Gate, iliyo ngumu na yenye mimea michache, huiachilia yote iteremke. Mazoea ya nyumbani hayamsaidii mtu hapa.

Kwa hiyo zipo kanuni ambazo kundi likubaliane nazo kabla ya kuondoka Roret, wala si mbele ya korongo watu wakiwa na hamu. Kwanza, waulize langoni na katika kituo cha walinzi ni sehemu zipi zilizo wazi siku hiyo. Iliyofungwa ibaki imefungwa, hata akitokea mtu wa kuahidi njia ya pembeni. Pili, wasishuke bila mwelekezi anayetambuliwa na mbuga. Tatu, washuke asubuhi tu na wawe wametoka kabla ya saa sita mchana. Nne, ikiwa mvua imenyesha usiku, au wingu jeusi linaonekana upande wowote, hakuna kushuka. Tano, mlinzi au mwelekezi akisema watoke, watoke mara moja bila kuuliza wala kurudia mfuko.

Kundi litakaloiacha sehemu hiyo halitakuwa limepoteza siku. Yapo mahali pa kusimama juu ya korongo na kulitazama kwa usalama, na mzunguko wa baiskeli peke yake hujaza asubuhi nzima.

Siku ya nne: Kurejea

Siku ya nne ni ya safari ya kurudi, na isiongezewe shughuli nyingine nzito. Wanaoondoka Naivasha saa moja asubuhi hufika Kericho mchana, na Roret kabla ya giza.

Kundi lenye gari lake linaweza kupitia Mbuga ya Ziwa Nakuru, yenye ukubwa wa kilomita 188 za mraba. Imezungushiwa ua, na ni ngome muhimu ya vifaru weusi na weupe. Ndani yake hakuna kutembea isipokuwa katika maeneo maalumu ya kupumzikia, kwa hiyo asiye na gari asijisumbue. Anayekwenda kwa ajili ya korongo waridi, wale ndege maarufu kama flamingo, ajue kwamba kupanda kwa maji ya ziwa katika miaka ya 2010 kuliwafanya wengi wao kuhamia maziwa mengine, na idadi yao hubadilika.

Njia mbadala ya magharibi

Wapo watakaopenda kuelekea Nyanza badala ya Bonde la Ufa, hasa kwa kuwa barabara kuu ya Kisii na Kisumu, inayopita Sondu, haiko mbali na Roret. Upande huo una Mbuga ya Ruma katika Bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay, yenye kilomita 120 za mraba. Humo ndimo pekee nchini alimobaki yule swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe na pembe zilizopinda kwenda nyuma. Idadi yake ilishuka hadi chini ya 20 kabla ya juhudi za kumwokoa kuanza. Ruma huhitaji gari.

Kwa miguu, iko Mbuga ya Kisiwa cha Ndere ndani ya Ziwa Viktoria, iliyotangazwa mwaka wa 1986, ambayo ina kilomita 4.2 za mraba na hufikiwa kwa mashua. Mbali zaidi, karibu na Kitale, ipo Saiwa Swamp, mbuga ndogo kuliko zote nchini, yenye takriban kilomita 3 za mraba. Ilianzishwa mwaka wa 1974 kumhifadhi nzohe, swala wa kinamasi, na mgeni huitembelea kwa miguu tu, juu ya vijia vya mbao.

Anayechagua njia ya ziwa asisahau malaria. Wenyeji wa nyanda za juu hawana kinga ya mwili waliyoipata watu wanaoishi na maradhi hayo mwaka mzima, na homa inayomlaza mtu wa Homa Bay siku mbili inaweza kumzidia mtu wa Roret. Apate ushauri wa dawa za kinga hospitalini kabla ya kuondoka, alale ndani ya chandarua, na akipatwa na homa hata wiki mbili baada ya kurudi, apimwe siku hiyohiyo na amweleze daktari alikokuwa.

Vya kubeba, na neno kwa waliobaki

Mzigo uwe mwepesi: sweta na koti la mvua, soksi jozi tatu, tochi, filimbi, sanduku dogo la huduma ya kwanza, chumvi na sukari za kutengeneza maji ya kurejesha nguvu, na betri ya ziada ya simu. Maji yabebwe katika chupa ya kudumu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumiwa mara moja, zikiwemo chupa za maji, haziruhusiwi katika mbuga za kitaifa.

Mwisho, nakala moja ya mpango iachwe nyumbani kwa mtu anayeaminika: majina ya wasafiri, nambari za simu, mahali watakapolala kila usiku na saa ya kupiga simu kila jioni. Simu hazitegemewi katika magenge na makorongo, kwa hiyo ukimya wa mchana usimshtue, ila ukimya wa baada ya saa mbili usiku ushughulikiwe. Nambari za dharura ni 999 na 112, na ile ya Shirika la Msalaba Mwekundu ni 1199. Wasafiri wakifika Roret jioni ya siku ya nne, simu ya kwanza iwe ya kumjulisha aliyewasubiri.